Mfanyabiashara, lijue jiwe la kunolea kabla hujalivusha mpakani

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Methali hiyo tunaijua sote, ila wahenga hawakutuambia kisu hicho kilinolewa kwa jiwe gani. Kwa sisi wa mpakani swali hilo si dogo. Mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi huanza maisha na vyombo vichache: jembe, panga, kisu cha jikoni na pengine shoka. Vikiwa butu, kazi ya nusu siku humchukua siku nzima, na mkono huumia kwa kutumia nguvu pasipo sababu.

Upande mwingine yupo mfanyabiashara. Jiwe la kunolea, yaani kinoo, au ityazo kama tunavyoliita kwa Kirundi, ni bidhaa ndogo inayobebwa pamoja na kufuli, misumari na tupa. Haiozi wala haipitwi na wakati. Lakini mzigo ukiwa wa mawe mabovu, mtaji wote unaweza kuishia kwenye katoni moja.

Kazi ya kunoa nilijifunza kambini Mtabila, wilayani Kasulu, kabla kambi hiyo haijafungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na hadi leo ndiyo inayonilisha. Waliorudi wakati ule, na hawa waliorudi kutoka Nduta na Nyarugusu tangu mwaka 2017, wote huniuliza swali moja: “Mzee, jiwe zuri ni lipi?” Jibu langu ni kwamba hakuna jiwe lililo zuri kwa kila kazi. Lipo jiwe linalofaa chuma fulani na kazi fulani. Na kwa familia nyingi, jiwe moja la pande mbili linatosha kabisa, mradi lichaguliwe kwa macho na mikono, si kwa rangi ya karatasi lililofungiwa.

Jiwe linafanya kazi gani

Watu wengi hudhani jiwe linasugua kisu mpaka king’ae. Sivyo. Jiwe lina chembe ngumu kuliko chuma, na kila chembe hukwangua chuma kidogo. Ukiendelea kukwangua pande mbili za kisu, pande hizo hukutana kwenye mstari mwembamba sana. Mstari huo ndio makali.

Kabla makali hayajakamilika hutokea jambo moja la kuangalia. Chuma chembamba cha ukingoni hujikunja na kuelekea upande wa pili. Ukipitisha kidole taratibu kutoka mgongoni mwa kisu kuelekea nje ya makali, utausikia mkunjo huo ukikwama kwenye ngozi. Huo ndio ushahidi kwamba upande mmoja umenoleka hadi mwisho. Asiyeufikia mkunjo huo atasugua kutwa nzima na kisu kitabaki vilevile, kisha atalilaumu jiwe.

Kwa hiyo mambo yanayolifanya jiwe liwe lilivyo ni matatu: ugumu wa chembe, ukubwa wa chembe, na gundi inayozishikanisha. Muuzaji akikuambia habari ya rangi peke yake, bado hajakuambia kitu.

Aina za mawe

La kwanza ni jiwe la asili, lile la mchanga ulioshikamana, tunalolikuta mtoni au uani. Chembe zake ni za kwazi, madini ambayo katika kipimo cha Mohs cha ugumu, kinachoishia 10 kwa almasi, hupata 7. Linanoa jembe na panga, lakini polepole, na chembe zake hazilingani. Mahali pamoja hukwaruza, mahali pengine huteleza.

La pili ni jiwe la kiwandani la kabidi ya silikoni. Hilo ndilo jiwe jeusi au la kijivu, wakati mwingine lenye ukijani, lililojaa masokoni kwetu. Kabidi ya silikoni ilianza kutengenezwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891, naye akaiita carborundum. Hupatikana kwa kuchoma mchanga pamoja na makaa katika tanuri la umeme, kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za sentigredi. Ugumu wake ni zaidi ya 9 katika kipimo kilekile cha Mohs. Hukata chuma haraka, na kwa bei yake sijaona linaloshindana nalo.

La tatu ni jiwe la oksidi ya alumini. Mara nyingi huwa la kahawia, jekundu au jeupe. Chembe zake ni ngumu, kiasi cha 9, nazo huacha makali yenye ulaini zaidi. Fundi seremala mwenye patasi na randa atalipenda kuliko lile jeusi.

La nne ni mawe ya maji ya Kijapani. Haya hutengenezwa yawe laini kwa makusudi, ili chembe zilizochoka zing’oke na mpya zijitokeze. Hunoa vizuri mno, lakini huliwa haraka na hutaka kusawazishwa mara kwa mara. Yalitengenezwa kwa ajili ya visu vya Kijapani, ambavyo chuma chake ni kigumu sana. Kwa panga la shambani ni kupoteza pesa.

La tano si jiwe hasa, bali ni bamba la chuma lililopakwa chembe za almasi. Halitaki kulowekwa na halibonyei katikati. Likiwa zuri hudumu miaka. Likiwa la bei ya kutupa, almasi zake hubanduka mapema na unabaki na kipande cha bati mkononi.

Namba zinavyowachanganya watu

Juu ya jiwe au boksi lake huandikwa namba kama 120, 240, 400 au 1000. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo na jiwe ni laini. Jiwe la pande mbili la sokoni mara nyingi ni 120 upande mmoja na 240 upande wa pili. Upande wa 120 ni wa kuondoa mapengo, na ule wa 240 ni wa kutia makali.

Lakini namba peke yake haitoshi, kwa sababu nchi zenye viwanda hazitumii kipimo kimoja. Chukua namba 1000. Kwa kipimo cha Kijapani, chembe zake zina ukubwa wa mikroni 11 au 12 hivi, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa kipimo cha Ulaya kinachotanguliwa na herufi F, namba hiyohiyo ina chembe za mikroni 4 au 5. Na kwa msasa wa Ulaya wenye herufi P, 1000 ni mikroni 18 hivi. Ni namba moja yenye vitu vitatu tofauti. Kwa hiyo ukiagiza mzigo kwa simu, usiseme tu “nataka elfu moja”. Taja na herufi iliyoandikwa mbele yake, na kama hakuna herufi, omba sampuli uishike mwenyewe.

Kila kazi na jiwe lake

Kwa jembe, shoka na panga, anza na tupa. Chuma cha panga hufanywa laini kiasi ili lisivunjike likigonga kisiki, kwa hiyo tupa hulikata kwa haraka. Maliza na upande wa 120 wa jiwe. Panga la kufyeka halihitaji kung’aa.

Kwa kisu cha jikoni, upande wa 240 unatosha kwa mboga, nyanya na nyama ya nyumbani. Ukipata jiwe la kati ya 400 na 1000, makali yatakuwa laini zaidi na yatadumu zaidi.

Muuza nyama na wale wanaopasua samaki kandokando ya Ziwa Tanganyika wanahitaji jiwe la 1000 hivi la Kijapani, na fimbo ya chuma ya kunyooshea makali. Fimbo hiyo hainoi kama jiwe. Kazi yake kubwa ni kunyoosha ukingo uliolala kwa kugonga mfupa. Ndiyo maana muuza nyama huipitisha mara kwa mara, lakini kisu kikishakuwa butu kabisa, fimbo haitamsaidia.

Kinyozi anayetumia wembe wa kukunja anahitaji mawe ya kuanzia 3000 hadi 8000, kisha mkanda wa ngozi. Mwenye mkasi wa fundi cherehani anatakiwa kunoa sehemu ya mteremko tu. Akisugua upande wa ndani ulio bapa kwa jiwe la 120, mkasi huo hautakata kitambaa tena.

Na cherehe, lile gurudumu la kunolea la wale wenye baiskeli? Ni chombo kizuri kwa kazi nyingi na ya haraka. Hatari yake ni joto. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, ujue chuma kimefika nyuzi 300 hivi na kimelainika. Sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka iliwe yote. Mwambie mnoaji aguse kidogokidogo na achovye kisu kwenye maji.

Ukiwa dukani, pima kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa inapookoka au kupotea. Mama mmoja anayeuza vyombo sokoni Mabanda aliniletea jiwe mwaka 2022. Alikuwa amenunua katoni ya mawe 40 kwa muuzaji wa jumla ng’ambo ya mpaka, kwa pesa aliyokopa kwenye kikundi chao cha akiba.

“Mzee, wateja wananirudishia. Wanasema linaota vumbi.”

Nikalilowesha na kulisugua kwa kidole gumba. Chembe zikang’oka kama mchanga wa kichuguu.

“Mama, gundi ya jiwe hili haikushika. Yote yako hivi?”

“Sijui. Nilifungua boksi moja tu la juu, nalo lilikuwa zuri.”

Tukayapima yote 40. Yaliyofaa yalikuwa 13. Yule muuzaji wa jumla alikataa kuyapokea mengine, na risiti haikuwapo. Mama yule aliyauza yaliyobaki kwa bei ya chini akiwaambia wateja ukweli kwamba ni ya jembe tu, na deni la kikundi alilimaliza kwa miezi mitano. Siku hizi hanunui katoni bila kufungua maboksi ya juu, ya kati na ya chini. Vipimo anavyotumia ni hivi, na havihitaji mtambo wowote.

Kwanza, maji na kidole. Lowesha jiwe, lisugue kwa nguvu kwa kidole gumba mara kumi. Vumbi kidogo si neno. Chembe zikibaki kidoleni kama mchanga, rudisha.

Pili, sauti. Lining’inize jiwe kwa vidole viwili na uligonge kwa kucha au kwa funguo. Jiwe zima hulia kwa sauti kavu na safi. Lenye ufa ndani hutoa sauti nzito iliyokufa.

Tatu, usawa. Weka mawe mawili uso kwa uso na uyainue kwenye mwanga. Mwanga mwingi ukipita katikati, mojawapo limepinda.

Nne, kiungo. Kwa jiwe la pande mbili, angalia mstari ambapo pande hizo zinakutana. Jaribu kuingiza ukucha. Ukiingia, jiwe litaachana likipata maji.

Tano, kazi yenyewe. Beba kisu chako butu mfukoni mwa mkoba. Kipitishe mara ishirini. Jiwe zuri litaacha mistari iliyolingana kwenye chuma, na maji yatageuka meusi. Weusi huo ni chuma kilichokatwa. Maji yakibaki ya rangi ya jiwe tu, basi jiwe ndilo linalokatwa na kisu.

Piga pia hesabu ya uzito. Jiwe la sentimita 20 kwa 5 kwa 2.5 lina uzito wa nusu kilo na zaidi kidogo. Katoni ya mawe 40 hupita kilo 20, na nauli ya mzigo hufuata uzito. Tena mawe huvunjika kama vigae. Mwambie mpakizi asiyaweke chini ya magunia ya mchele.

Mpakani penyewe

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na wafanyabiashara wadogo wanakijua kile cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, cha mzigo usiozidi dola 2,000. Wengi hudhani kinafaa kwa kila kitu kilichonunuliwa Kigoma au Kariakoo. Hapana. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Jiwe lililotengenezwa China au India halibadiliki kuwa la Tanzania kwa sababu limelala dukani Kigoma. Basi dai risiti, tunza karatasi za ushuru kama muuzaji anazo, na waulize watu wa forodha kabla ya kupakia. Katika orodha ya kimataifa ya forodha, mawe ya kunolea kwa mkono yako chini ya namba 6804.30. Iandike kwenye daftari lako. Risiti, kama ulivyoona kwa yule mama, ina faida hata pale ambapo hakuna afisa.

Namna ya kunoa

Jiwe zuri mikononi mwa asiyejua ni hasara vilevile, na muuzaji anayemwelekeza mteja wake hupata mteja wa kudumu. Maelekezo si marefu.

Weka jiwe juu ya kitambaa kilicholowana ili lisiteleze. Lipe maji. Mawe ya maji ya Kijapani yaliyo laini yalowekwe dakika tano hadi kumi, mpaka mapovu yaishe. Kazi ya maji ni kuondoa unga wa chuma usizibe matundu ya jiwe. Mafuta mepesi ya mashine hufanya kazi hiyo pia, lakini jiwe likishazoea mafuta halitaki maji tena. Mawese na mafuta mengine ya kupikia usiyaguse. Hukauka yakawa gundi, na jiwe huziba.

Kisha shika pembe. Kisu cha jikoni hulazwa kwa nyuzi 15 hadi 20, panga nyuzi 25 hadi 30. Huna kipimo? Chukua kisu chenye upana wa sentimita 4. Inua mgongo wake kiasi cha sentimita 1.4, yaani karibu unene wa kiberiti cha kawaida kilicholazwa. Hizo ni nyuzi 20. Kiberiti ukiondoe, mkono ukumbuke.

Sukuma kisu juu ya jiwe kwa nguvu ya wastani, upande mmoja tu, mpaka mkunjo utokee kuanzia shinani hadi nchani. Geuza, fanya vilevile. Hamia upande wa laini, punguza nguvu, halafu badilisha upande kila unapopitisha mara moja, mpaka mkunjo uishe. Jaribu kwenye karatasi ya gazeti au ganda la nyanya. Usijaribu kwenye ngozi ya mkono mbele ya watoto, maana watakuiga.

Tumia uso wote wa jiwe. Likitumiwa katikati tu hubonyea, na jiwe lililobonyea halishiki pembe. Likishaliwa, mwaga mchanga safi na maji juu ya sakafu bapa ya saruji, ulisugue hapo kwa mzunguko mpaka lisawazike. Kwa njia hiyo jiwe moja zuri huweza kutumika nyumbani kwa miaka mingi.

Anayefikiria kunoa iwe kazi yake naye apige hesabu kabla. Gawanya bei ya jiwe kwa malipo unayotoza kisu kimoja, utajua ni visu vingapi vinalirudisha. Ukikuta hesabu inalipa mahali unapoishi, anza na la pande mbili, tupa moja na ndoo ya maji. Mawe ya namba kubwa yanunue pale wateja wenye kazi hiyo watakapojitokeza: kinyozi, fundi cherehani, muuza nyama. Wao wenyewe watakuambia wanataka nini, kwa sababu chombo kikiwa butu wao ndio wa kwanza kupoteza riziki ya siku hiyo.